Kitambaa Kinachotundikwa: Historia ya Maneno Machache ya Kiingereza

Kijana anayejifunza Kiingereza, akifungua kamusi kutafuta neno «pazia», hupata taabu mara moja. Kamusi yamletea «curtain», kisha «drape», kisha «hanging», kisha «veil». Akiendelea kidogo, akutana na «drapery», «tapestry» na «canopy». Yote yahusu kitambaa kinachotundikwa au kinachoning'inia. Mwalimu amwambia kwamba maneno haya ni ndugu lakini si mapacha. Tofauti yao ni nini basi? Na kwa nini Waingereza wawe na majina mengi namna hii kwa kitu ambacho sisi nyumbani twakiita pazia, na wengi wetu mjini twakiita rido?

Jibu la kwanza limo katika kamusi, lakini jibu lililo bora limo katika historia. Neno ni kama nguo. Yuko aliyelifuma, yuko aliyelichukua sokoni, yuko aliyelivaa. Tukiyafuata maneno haya hatua kwa hatua, tutakutana na wafumaji na mabwana, vita na biashara, na kila mara tutakutana na Kanisa. Na tutaona jambo moja linalostahili kufikiriwa: kitambaa kile kile chaweza kutundikwa ili kumtenga mtu na mwenzake, au chaweza kutandazwa ili kumfunika mtu mwenye baridi. Maneno yamezikumbuka kazi hizo mbili, hata pale watu walipozisahau.

Lugha mbili katika nchi moja

Kabla ya mwaka 1066 watu wa Uingereza walisema lugha yao ya kale, iliyo jamaa ya Kijerumani. Kazi ya nguo waliijua vema, na maneno yao ya kazi hiyo yangali hai hata leo: «spin», maana yake kusokota; «weave», kufuma; «thread», uzi; «needle», sindano; «cloth», kitambaa chenyewe. Ni maneno mafupi, maneno ya watu ambao mikono yao ina kazi.

Tarehe 14 Oktoba 1066, Guillaume mtawala wa Normandie, ambaye Waingereza humwita William, aliwashinda Waingereza karibu na Hastings. Mfalme Harold aliuawa vitani siku ile. Mabwana wapya wakajenga ngome zao, wakagawana mashamba, nao walisema Kifaransa. Kwa karne tatu hivi lugha ya mabwana na ya mahakama ikawa Kifaransa. Ni mwaka 1362 tu ndipo sheria ilipoamuru kesi zisemwe kwa Kiingereza.

Basi tazameni lililotokea. Ng'ombe akiwa malishoni pamoja na mchungaji wake aliitwa «cow» au «ox», maneno ya wenyeji. Nyama yake ilipofika mezani kwa bwana ikaitwa «beef», neno la Kifaransa. Na vitambaa vilipatwa na mambo yale yale. Kusokota na kufuma kulibaki na majina ya Kiingereza, lakini kitambaa kizuri kilichotundikwa katika nyumba ya bwana kilipewa jina la Kifaransa: «curtain», «veil», «tapestry», «drapery». Mfumaji na kazi ya mikono yake hawakusema tena lugha moja. Katika orodha yetu ni «hanging» peke yake lililotoka kwa wenyeji, nalo lasema wazi bila mapambo: kitu kinachotundikwa. Hata leo mtu akitaja kitambaa chochote kilichotundikwa ukutani, bila kueleza kimefumwaje wala chafanya kazi gani, atatumia neno hilo.

Sisi wa Kongo hatuna haja ya kushangaa. Uzi, kufuma na kushona tunavyo katika Kiswahili chetu. Lakini rido ya dirishani, dra ya kitandani, tapi ya chini na drapo ya serikali zilikuja na Kifaransa, wakati wa Wabelgiji. Na mbele ya hapo, Waswahili wa pwani walikwisha pokea leso na bendera kutoka kwa Wareno. Kila mgeni aliyepita aliacha kitambaa, na pamoja na kitambaa akaacha jina.

Vita vile vya 1066 vyenyewe viliandikwa juu ya kitambaa. Katika mji wa Bayeux, nchini Ufaransa, palihifadhiwa kitambaa cha kitani chenye urefu wa karibu meta 70, kilichoshonwa kwa nyuzi za sufu zenye rangi. Chaonyesha wafalme, merikebu, farasi, na hata nyota yenye mkia iliyoonekana mwaka ule. Wataalamu wengi wanaamini kwamba kilifanywa na mafundi wa Uingereza kwa ajili ya Odo, askofu wa Bayeux, ndugu wa Guillaume kwa mama. Walioshindwa wakashona sifa za walioshinda! Orodha ya mali ya kanisa kuu la Bayeux ya mwaka 1476 yataja kitambaa hicho, kwamba kilitundikwa kuzunguka kanisa siku za sikukuu. Waingereza wakiita «tapestry», lakini wajuzi husema jina hilo halikifai. «Tapestry» ya kweli ni ile ambayo picha yake imefumwa pamoja na kitambaa chenyewe, uzi kwa uzi. Ile ya Bayeux imedariziwa kwa sindano juu ya kitambaa kilichokwisha fumwa.

Ukoo wa «drap»

Katika Kilatini cha siku za mwisho palikuwa na neno «drappus», yaani kitambaa. Wafaransa wakafanya «drap». Kutoka hapo imekuja dra yetu ya kitandani, ikaja na drapo, kwa kuwa bendera ni kitambaa tu, ingawa watu hufa kwa ajili yake.

Waingereza nao walizaa watoto wengi kwa neno hilo. «Draper» alikuwa mfanya biashara ya vitambaa, hasa vya sufu. Wafanya biashara hao wa London walikuwa na chama chao chini ya ulinzi wa Bikira Maria, nao walipata hati ya mfalme mwaka 1364. Hata leo ngao ya chama hicho yaonyesha mataji ya dhahabu juu ya miali ya jua, kumbukumbu ya Mama wa Mungu, ingawa nchi yao iliachana na Roma tangu karne ya 16. Neno laweza kubadilika na sheria yaweza kubadilika, lakini ngao yakumbuka.

«Drapery» kwanza ilikuwa bidhaa ya draper, yaani vitambaa vyenyewe. Baadaye wachoraji na wachonga sanamu walilichukua neno hilo, wakaita «drapery» ile mikunjo ya nguo inayoteremka mwilini. Mkiitazama sanamu ya Bikira Maria katika parokia yenu, mikunjo ya vazi lake kuanzia mabegani hata miguuni, hiyo ndiyo «drapery». Na kitendo cha «drape» ni kutandaza kitambaa kilegelege, kianguke chenyewe kwa mikunjo: bendera juu ya sanduku la marehemu, au shali juu ya bega. Waamerika wakaendelea mbele, wakaita mapazia mazito ya dirishani «drapes». Mwingereza, kwa dirisha lile lile, husema «curtains». Hapo ndipo mwanafunzi anapochanganyikiwa. Kumbe si makosa yake, ni bahari iliyo kati ya nchi mbili.

Ukoo huu una watoto wawili wengine ambao ni wachache wanaojua wametoka nyumba gani. Wa kwanza ni «drab». Zamani ilikuwa sufu isiyotiwa rangi, ya kijivu au ya udongo, iliyovaliwa na watu wasioweza kulipa rangi. Kwa kuwa ilikuwa nguo ya kawaida, jina lake likawa jina la rangi hiyo, kisha likawa neno la kudharau: kitu «drab» ni kitu kisicho na uzuri wala furaha. Wa pili ni «trappings». Hivyo vilikuwa vitambaa vya fahari alivyofunikwa farasi wa bwana, na leo ni alama za nje za ukubwa: magari, viti vya heshima, walinzi. Watoto wawili wa baba mmoja: mmoja alimvika maskini na akadharauliwa, wa pili alimvika mnyama wa tajiri na akasifiwa. Tusisome haraka tu na kupita.

Mji uliogeuka kuwa kitambaa

«Tapestry» latoka mbali, katika Kiyunani, kwa neno lililokuwa na maana ya zulia au tandiko. Wafaransa wana «tapis», nasi tuna tapi. Ila katika nchi za baridi zulia zuri halikukanyagwa, lilipandishwa ukutani. Kuta za ngome zilikuwa za mawe, nazo zilitoa baridi na unyevu. Kitambaa kinene cha sufu kilizuia baridi, kilipamba chumba, tena kilifundisha wasiojua kusoma. Bwana alipohama ngome moja kwenda nyingine, alikunja kuta zake akazichukua juu ya magari.

Mji uliojulikana zaidi kwa kazi hiyo katika karne za 14 na 15 uliitwa Arras. Leo umo kaskazini mwa Ufaransa. Wakati ule ulikuwa chini ya watawala wa Bourgogne. Kazi ya mafundi wake ilienea Ulaya nzima, hata Waingereza wakasema «arras» kwa maana ya pazia la ukutani, na Waitalia husema «arazzo» mpaka leo. Shakespeare, aliyeandika mchezo wa Hamlet karibu na mwaka 1600, alimweka mzee Polonius nyuma ya «arras» ili asikilize maneno ya wengine kwa siri. Huko nyuma ya pazia mzee akachomwa upanga, akafa. Pazia linalomficha msikilizaji halimkingi.

Lakini mafundi wenyewe yaliwapata nini? Mwaka 1477 Louis XI, mfalme wa Ufaransa, aliuteka mji wa Arras, na mwaka 1479 aliwafukuza wenyeji wake, akaupa mji jina jipya. Jina alilolitunga mfalme lilisahauliwa. Jina la mji wa wafumaji likabaki katika lugha za watu.

Kazi yenyewe ilistawi katika miji mingine, kama Tournai na Brussels, ambayo leo ni miji ya Ubelgiji. Ni Brussels, katika kiwanda cha Pieter van Aelst, ndiko Papa Leo X alikoagiza vitambaa vya kutundikwa katika Kapela ya Sisto huko Vatikano. Raphael alichora mifano, yenye habari za Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo, na wafumaji wakaifuata. Vitambaa 7 vya kwanza vilionyeshwa siku ya Mtakatifu Stefano, tarehe 26 Desemba 1519. Mwaka 1527 askari walipouteka na kuunyang'anya mji wa Roma, vitambaa viliibiwa, vikarudishwa baadaye. Mwezi wa Februari 2020, kukumbuka miaka 500 tangu kifo cha Raphael, vilitundikwa tena mahali pake kwa juma moja. Jina la Raphael lajulikana duniani kote. Lakini mikono iliyopitisha kila uzi, mwezi kwa mwezi, nani aijua? Mungu aijua.

Sisi tunalo neno lililozaliwa kama «arras». Ni merikani. Mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, walifanya mapatano ya biashara, na kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts kikafurika pwani. Watu wakakipa jina la nchi kilikotoka. Misafara ilikichukua Tabora, Ujiji, na kuvuka ziwa mpaka Manyema, na katika njia hiyo kitambaa kilikuwa fedha: shuka moja ilikuwa mikono 4, doti moja mikono 8. Kililipa posho ya wapagazi, kilinunua pembe za ndovu, na kwa huzuni kubwa kilinunua hata watu. Babu zetu walilijua jina la nchi ya Merikani kwa kitambaa, kabla hawajamwona Mwamerika hata mmoja. Na pamba ile ya Massachusetts, kabla ya vita vya Waamerika wao kwa wao vya miaka 1861 mpaka 1865, nyingi yake ililimwa na watumwa weusi kusini mwa nchi ile. Basi kitambaa kimoja kilifungwa na utumwa pande zote mbili za bahari. Neno fupi, mzigo mzito.

Pazia la hema na pazia la hekalu

Tuje sasa kwa maneno mawili makubwa, «curtain» na «veil». Yote mawili yalipita mlango wa Kanisa.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 26, Mungu anamwagiza Musa atengeneze hema takatifu kwa mapazia 10 ya kitani kizuri, kila moja mikono 28 kwa urefu na mikono 4 kwa upana. Mtakatifu Yeronimo alifanya kazi ya Biblia ya Kilatini tangu mwisho wa karne ya 4, na katika Biblia hiyo mapazia haya yaitwa «cortinae». Waroma wa kwanza walitumia neno hilo kwa chungu kikubwa cha mviringo. Ni katika Biblia lilipopata nguvu ya maana ya pazia. Wafaransa wakalipokea, Wanormandi wakalivusha bahari, Waingereza wakasema «curtain». Kumbe kila anayevuta pazia la dirisha lake jioni ataja, bila kujua, hema ya Musa jangwani.

Neno hilo halikubaki la kitambaa tu. Wajenzi wa ngome waliita «curtain» ule ukuta unaounganisha mnara na mnara. Kitambaa kikawa jiwe. Na tarehe 5 Machi 1946, Winston Churchill, akihutubu katika mji mdogo wa Fulton huko Marekani, alisema juu ya pazia la chuma lililoshuka katikati ya Ulaya. Kwa miaka zaidi ya 40 wasomaji wa magazeti ulimwenguni walilijua pazia hilo lililowatenga ndugu na ndugu, mpaka ukuta wa Berlin ulipofunguliwa tarehe 9 Novemba 1989.

«Veil» latoka katika Kilatini «velum», lenye maana ya tanga la chombo, na pia pazia au utaji. Ni kitambaa chepesi kuliko «curtain», nacho hufunika ili kuheshimu: uso wa bibi arusi, kichwa cha mtawa, kalisi altareni. Na ndilo jina la pazia lile la ndani, lililotenga Patakatifu pa Patakatifu, ambapo kuhani mkuu peke yake aliingia mara moja kwa mwaka. Wainjili Mateo, Marko na Luka wasimulia kwamba Yezu Kristu alipokufa msalabani, pazia hilo lilipasuka. Halikufunguliwa na mikono ya makuhani. Njia ya kumwendea Mungu ikawa wazi kwa wote, Wayahudi na mataifa, wafumaji na mabwana.

Wakristu wa Uingereza wa zamani waliyaona mambo hayo kwa macho. Mwanzoni mwa Kwarezima walitundika pazia kubwa mbele ya altare, hata watu hawakuiona. Jumatano ya Juma Kuu, yakisomwa Mateso ya Bwana, msomaji alipofika penye habari ya kupasuka kwa pazia la hekalu, kamba zilifunguliwa na pazia likaanguka chini mbele ya watu wote. Mkulima asiyejua Kilatini alielewa mara moja.

Kutoka «velum» hilo hilo Waingereza wana «reveal», yaani kuondoa utaji, na kitabu cha mwisho cha Biblia chaitwa kwao «Revelation». Hapa Kiswahili hakikushindwa. Tunasema kufunika na kufunua, na kitabu hicho twakiita Ufunuo. Wazo ni moja: Mungu ndiye mwenye kuinua kitambaa.

Mambo yaligeuka katika karne ya 16. Wafalme wa Uingereza walipofunga monasteri na kuzinyang'anya, mavazi ya Misa yaliuzwa au yaligawanywa kati ya wakubwa. Katika nyumba ya Hardwick Hall, huko Derbyshire, vimehifadhiwa vitambaa vya ukutani vya miaka ya 1570, vyenye picha za wanawake mashuhuri wa kale. Vilitengenezwa kwa ajili ya tajiri Bess wa Hardwick, na ndani yake mafundi walitumia vipande vya hariri na zari vya mavazi ya mapadri. Vazi lililotolewa kwa ajili ya sala ya wote likawa pambo la ukuta wa mtu mmoja. Hatusemi hayo ili kufufua ugomvi wa kale, ila ili tuone kwamba kitambaa hakina utakatifu wala dhambi. Ni mikono ya watu inayokipeleka huku au huku.

Chandarua cha Judith

Neno «canopy» litawafurahisha wasomaji wetu, kwani limetoka kwa mbu! Wayunani walimwita mbu «konops», na kitanda chenye wavu wa kumzuia mbu wakakiita «konopeion». Herodotus, aliyeandika zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristu, asimulia kwamba wavuvi wa mabonde ya Misri walivua samaki kwa nyavu mchana, na usiku walilala chini ya nyavu zile zile kwa sababu ya mbu.

Wakubwa nao waliogopa mbu, lakini walitaka fahari. Kitabu cha Judith chasimulia kwamba jemadari Holoferne alilala chini ya chandarua cha rangi ya zambarau kilichofumwa kwa dhahabu na kupambwa kwa mawe ya thamani. Judith alipomwua, alikichukua chandarua hicho, na baada ya ushindi akakitoa kwa Mungu. Katika Biblia ya Kilatini chaitwa «conopeum». Kutoka hapo Waingereza wana «canopy», kitambaa kinachotandwa juu: juu ya kitanda, juu ya kiti cha mfalme, juu ya padri anayechukua Sakramenti Takatifu katika maandamano. Wafaransa walibaki na kitanda bila wavu, na kiti kirefu wakakiita «canapé». Basi kanape iliyomo sebuleni mwenu, na chandarua kilichomo chumbani mwenu, ni watoto wa mbu mmoja! Nasi Waswahili twaita chandarua kile cha kuzuia mbu na pia kitambaa kinachotandwa juu kuleta kivuli. Watu wa mbali walifikiri kama sisi.

Na kitambaa kinachofunika tabernakulo kanisani, kuonyesha kwamba Bwana yumo, huitwa katika vitabu vya liturjia «conopeum». Wavu wa mvuvi ukawa pambo la jemadari, na pambo la jemadari likawa alama ya unyenyekevu wa Mungu anayekaa kati yetu. Neno «tabernakulo» lenyewe, katika Kilatini, maana yake ni hema.

Nusu ya joho

Tumeweka mwisho neno ambalo kwa kulitazama hamtadhani ni la kitambaa. Mtakatifu Martino, kabla hajabatizwa, alikuwa askari wa Kiroma. Siku moja ya baridi kali, mlangoni mwa mji wa Amiens, alimkuta maskini aliye uchi. Fedha hakuwa nayo. Akachomoa upanga, akalikata joho lake sehemu mbili, akampa maskini nusu. Usiku alimwona Kristu katika ndoto, amevaa nusu ile. Baadaye akawa askofu wa Tours, akafa mwaka 397.

Wafalme wa Wafranki waliitunza nguo iliyoheshimiwa kama joho la Martino. Joho dogo katika Kilatini ni «cappella». Mahali nguo ilipowekwa pakaitwa «cappella», na mapadri walioilinda wakaitwa «cappellani». Kutoka hapo Waingereza wana «chapel» na «chaplain», nasi tuna kapela. Na katika mji wa Canterbury, malkia Bertha, Mkristu aliyetoka kwa Wafranki, alisali katika kanisa la Mtakatifu Martino hata kabla ya mwaka 597, mwaka alipofika Mtakatifu Augustino aliyetumwa na Papa Gregori. Mwaka 601 Papa alimpelekea Augustino «pallium», kitambaa cha sufu cha mabegani, ambacho hata leo maaskofu wakuu, na wale wa Bukavu, Kisangani na Lubumbashi, huvishwa. Kutoka «pallium» Waingereza wana «pall», kitambaa kinachotandazwa juu ya sanduku la marehemu. Chini yake tajiri na maskini ni sawa.

Sasa mwanafunzi wetu aweza kurudi kwenye kamusi yake. Kitambaa kinachovutwa kufunga na kufungua ni «curtain». Kinachofunika kwa heshima ni «veil». Chenye picha zilizofumwa ndani yake ni «tapestry». Kinachotandwa juu ni «canopy». Kinachoanguka kwa mikunjo ni «drapery». Na asipojua zaidi, aseme «hanging», hatacheka mtu.

Lakini akumbuke na hili. Mabwana wengi walitundika vitambaa vya thamani, na vingi vimekwisha oza pamoja na majina yao. Kitambaa cha Martino kilikatwa kwa upanga katika barabara ya baridi, na jina lake limeingia katika lugha za dunia. Katika nyumba zetu mna mapazia, na katika masanduku mna vikwembe vya akiba. Na mlangoni, mara nyingi, yuko mtu.